Kaka, Nimeijaza Vibaya Fomu ya Tupo

Ipogolo, Iringa
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Asajile,

Sitakuuliza hali. Nakupa ya huku kwanza, maana nakujua, ungenikatiza kabla sijamaliza salamu: Tupo anapumua. Leo asubuhi kaimba kanisani mpaka ubeti wa tatu bila kukaa chini, na sauti yake ni mbaya kama yako. Kwa hiyo tulia unisikilize. Nina jambo la kukuungamia, na ukianza kukunja uso nitaweka kalamu chini, unanijua.

Miaka tisa sijakuandikia. Sababu mojawapo ni uvivu. Nyingine nitaifikia.

Huku mambo yamegeuka. Ile barabara ya kutoka Mbeya, uliyokuwa ukiisafiri juu ya magunia ya mchele na kufika umepakwa vumbi mpaka kwenye kope, sasa ni lami tupu. Na treni inapita Mbeya, Kaka, treni kabisa, inakwenda mpaka nchi za watu. Mama alipelekwa kuiona. Akaitazama ikapita yote, akasema, "Ni ndefu kuliko inavyohitajika." Mama ni yule yule, meno yamebaki machache, ulimi upo wote. Mimi nimenenepa, nywele zimenihama kuanzia mbele, na bado nashona magodoro hapa Ipogolo, kando ya barabara kuu. Wateja wangu ni madereva wa malori. Wanasema magodoro yangu ni mazuri kwa sababu ukishalala juu yake huoni haja ya kulala tena.

Na mimi ni wewe. Hilo hukulishuhudia, ingawa wewe ndiye uliyelisababisha. Siku ya kuondoa matanga kule nyumbani Rungwe, wazee walinikalisha kwenye kigoda chako, wakanivika koti lako la kahawia, lile ambalo mikono yake ilinifika kwenye kucha, wakasema, "Asajile hakufa, huyu hapa." Nilikuwa Ambakisye mpaka saa nne asubuhi, saa tano nikawa Asajile. Mchungaji alikuwa ameketi pale pale akinitazama kwa jicho kali, lakini kwa kuwa mkeo alikuwa ametangulia siku chache tu baada ya kumzaa Tupo, hapakuwa na mjane wa kurithiwa, basi mtu wa Mungu akanywa chai yake kwa amani. Nilichorithi ni jina, koti, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa akijifunza kusimama kwa kushika goti la bibi yake. Baba mdogo Mwaisaka akamnyooshea kidole yule mtoto, akasema, "Kuanzia leo huyu baba yake yupo. Atakayesema hayupo, amemuua Asajile mara ya pili." Tukaitikia wote. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote, mpaka mama akanitupia jicho.

Tulilishika neno lile. Tupo hakuwahi kuambiwa. Mimi ni baba, Mama Lusajo ni mama, Lusajo wetu ni kaka yake. Huku Iringa hakuna aliyekujua, na kule nyumbani hakuna aliyethubutu. Miaka tisa, Kaka, sijawahi kuteleza hata siku moja. Ndiyo maana nakuambia kwamba kosa nililolifanya nililifanya kwa uaminifu, na hilo ndilo linaloniuma.

Pumu ilimshika hata miaka mitano hajatimiza. Mwezi wa sita, baridi ya huku unaijua, tukadhani ni mafua. Usiku ule ule Mama Lusajo aliweka sikio kifuani pake akaniambia, "Kuna paka humu ndani." Nikaijua ile sauti. Nililala nayo chumba kimoja utoto wangu mzima, nawezaje kuisahau. Wewe ulikuwa ukikaa kitandani umeinama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na mimi nakuambia upunguze kelele watu walale. Sasa mtoto amekaa vile vile, mikono magotini, na hakumbuki hata sura yako. Nani alimfundisha?

Tukahangaika. Majani ya kuchemsha, mafuta ya kondoo, mvuke chini ya blanketi, sindano hospitalini akizidiwa sana. Miaka sita hivyo.

Ndipo mwezi uliopita akaja hospitali ya mjini daktari kutoka Dar es Salaam. Ni mwanamke, Mhaya, wanamwita Daktari Koku. Anavaa viatu vya kiume na anacheka kwa pua. Alikuwa anazunguka mikoa yetu hii miwili akitafuta familia zenye pumu: Wanyakyusa wa milimani, Wahehe wa huku, Wasangu, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bonde la Usangu. Tulikaa kwenye mabenchi ya uani kabila kwa kabila kama timu za mpira. Mzee mmoja wa Kisukuma akaniuliza, "Ninyi Wanyakyusa nanyi mna pumu? Nilidhani mna maneno tu." Nikamwambia pumu ndiyo inayotupumzisha.

Daktari akatueleza anachokitafuta, na alieleza vizuri, maana hata mimi nilielewa. Alisema mwili wa kila mtu una namna yake ya kuimaliza dawa. Wako wanaoimaliza upesi, mchana imekwisha. Wako wanaoimaliza polepole, na hao ukiwapa kipimo cha wenzao, dawa ya jana inakutana na ya leo, inalundikana mwilini mpaka inakuwa sumu. Akasema namna hiyo mtu huzaliwa nayo, anaipata kwa wazazi kama anavyopata pua. "Vipimo tunavyovitumia," akasema, "viliandikwa na watu waliowapima watu wa kwao. Hakuna aliyekuja kuwapima ninyi. Inawezekana viko sawa. Inawezekana haviko sawa. Sipendi kutibu kwa inawezekana."

Nikampenda hapo hapo. Nikajiona mtu muhimu, ninayekwenda kuisaidia sayansi kwa mwili wangu huu.

Jumatatu ikawa zamu yetu. Tupo kwanza, akapuliza kwenye kopo lenye mshale unaoonyesha nguvu ya pumzi. Halafu mimi. Mshale wangu ulisogea kama mzee anayeinuka kitini, Tupo akacheka mpaka akakohoa. Tukatolewa damu. Kisha daktari akafungua fomu akaanza kuchora ukoo wetu: mwanamume mraba, mwanamke duara, mistari katikati. Akanichora mraba, akachora duara la Tupo chini yangu, akatuunganisha.

"Kazi yako?"

"Fundi magodoro."

"Ya nini?"

"Sufi, Daktari. Sufi safi kabisa."

Akaweka kalamu chini. "Unashonea wapi?"

"Sebuleni."

Hapo alicheka kwa pua, lakini haikuwa ya furaha. Kaka, miaka sita mtoto ana pumu, na mimi nachambua sufi hatua nne kutoka kitanda chake, inapepea nyumba nzima, na kila asubuhi namuuliza Mungu kosa letu ni nini. Sasa nashonea nje, chini ya bati, na mvua ikinyesha nafunga kazi. Hilo nimelirekebisha. Silo ninalokuungamia.

Akaendelea na maswali. "Baba wa mtoto ana pumu?"

"Hana."

"Hajawahi kuwa nayo, hata utotoni?"

"Hajawahi."

"Amewahi kutumia dawa ya pumu ikamdhuru? Moyo kwenda mbio, kutetemeka, kutapika?"

Nikasema, "Hapana."

Akaandika. Akasema, "Vizuri. Basi Alhamisi tutamwanzishia vidonge, kipimo cha kawaida cha umri wake." Tukashuka mlima kurudi nyumbani, Tupo amebandikwa pamba mkononi, anaringa.

Nataka uelewe kwamba sikuwa nadanganya. Niliulizwa habari za baba, nikajibu kama baba. Mtu akiniambia baba wa Tupo, mimi siangalii nyuma kutafuta mtu mwingine. Wazee walinifundisha nisiangalie, na nilijifunza vizuri.

Mama Lusajo alikuwa anachagua maharage. Yeye ni Mhehe, huwa haongei mpaka amalize anachofanya. Nikamsimulia yote, kopo, mshale, miraba, na maswali. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Wakakuuliza kama baba yake ana pumu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukajibu kama nani?"

Kaka, niliketi. Kulikuwa na kigoda, lakini niliketi chini.

Yeye alikuwa anafikiria pumu tu, kwamba daktari ameandika ukoo usio wake. Hakujua habari ya vidonge. Hakuna aliyejua. Na wewe unaijua siku ile, lakini hujawahi kuisikia kutoka upande wangu, basi isikie.

Nilikuja kukutembelea Ubaruku msimu wa mavuno. Ulikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zinafuka kama moshi, na wewe umejifunga kitambaa puani ukinitania kwamba nimekuja kula mchele mpya. Siku ya pili kifua kikakubana. Dresa wa zahanati akakupa vidonge vinne ndani ya kipande cha gazeti, akasema kimoja, halafu usubiri. Ukameza kimoja. Haukupita muda mrefu ukaniita, ukaushika mkono wangu ukauweka kifuani pako. "Amba, sikia hapa." Moyo ulikuwa unakimbia kama mkanda wa ile mashine. Vidole vyako vinatetemeka, huwezi kushika kikombe. Ukasema, "Dawa hii hainipendi." Na mimi, kwa kuwa ni mimi, nikakutania. Nikakuambia, kwani wewe ni nani wa kupendwa na dawa.

Pumzi yako ilikuwa bado inapiga filimbi. Nikaona dawa ni ndogo. Mtu akiona moto hauwaki anaongeza kuni, ndivyo nilivyofikiri, na hapo nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Nikakupa viwili vingine kwa pamoja. Ulisema, "Mdogo wangu, hizi nyingi." Nikasema, "Meza, usiwe mtoto." Nilikushikia kikombe. Ulimeza kwa sababu ulikuwa umechoka kubishana.

Saa kumi ulikuwa hupo.

Kile cha nne nilikitupa kwenye mfereji wa mpunga pamoja na gazeti lake. Nyumbani nikasema pumu. Na kweli ilikuwa pumu. Nilijiambia hivyo nikiwa na koti lako mwilini. Kwa hiyo daktari aliponiuliza kama dawa imewahi kumdhuru baba, sikumjibu kama baba tu. Alikuwamo pia yule mtu wa mferejini, naye alikuwa na haraka ya kusema hapana.

Jumanne sikwenda. Mama Lusajo akasema, "Nenda kamwambie daktari." Nikasema nina godoro la watu. Akasema, "Godoro halikohoi." Jumatano nikafika mpaka kwenye daraja, nikakutana na dereva mmoja tukaongea habari za matairi, nikarudi. Ndiyo, matairi. Unajua hata gari sina.

Nilikuwa naogopa vitu vitatu, na kila nilipokishika kimoja viwili vilinikaba. Niliogopa neno la Baba mdogo, kwamba nikisema si mimi baba yake, nimekuua mara ya pili. Nikiwaza hayo nakumbuka kwamba huenda mara ya kwanza pia ni mimi. Na nilimwogopa Tupo. Nilipanga niseme faraghani, Alhamisi asubuhi na mapema, mimi na daktari, mlango umefungwa, mtoto asijue lolote. Mpango mzuri. Ni mtu kama mimi tu anayeweza kuuamini.

Alhamisi tukafika mapema, tukakuta waliofika mapema kuliko sisi. Nikamwomba nesi nimwone daktari mara moja. "Subiri zamu, mzee." Nikasubiri. Mlango mwingine ukafunguliwa, nesi wa pili akaita, "Tupokigwe," na mtoto akaingia peke yake huku bado mimi nimekodolea mlango wangu. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe.

Sijui niliinukaje. Nilipoingia alikuwa amekwisha kuweka kidonge mdomoni, kikombe kiko njiani. Nikasema, "Tema." Akanitazama. "Tupo, tema." Akatema. Ni mtoto mtiifu, hilo hakulipata kwako. Kidonge kikaangukia juu ya fomu, kikaacha alama ya maji.

Daktari, kumbe alikuwa humo humo, akasimama. "Kuna nini, Baba Tupo?"

Nami nikasema, mbele yake, mbele ya nesi, mlango uko wazi na Wasukuma wote wanasikia: "Mimi si baba yake. Baba yake alimeza hizi akafa."

Hivyo hivyo, Kaka. Jambo nililolificha miaka tisa kwa uangalifu wote ule, nililitoa kama mtu anayemwaga maji ya kuogea.

Tupo hakulia. Alikuwa bado ameshika kile kikombe. Nesi akataka kumtoa nje, daktari akasema, "Mwache. Kifua ni chake." Akafunga mlango, akatuketisha, akaniambia nianze upya. Nikaeleza. Rungwe, koti, Ubaruku, vidonge vitatu, na kile cha nne. Sikuthubutu kumtazama mtoto, nilikuwa naongea na viatu vya daktari. Aliuliza taratibu: kilikuwa cha rangi gani, kikubwa kiasi gani, kati ya cha kwanza na vile viwili ulipita muda gani, alitapika, alilalamika kuona giza. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

Nilipomaliza nikamuuliza. Ilibidi nimuulize. "Ni mimi?"

Akaisogeza pembeni ile fomu iliyolowa. "Sijui, Baba Lusajo." Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. "Pumu peke yake inaua. Vidonge vile navyo kwa mtu wa namna yake vinaweza kuua. Sikuwepo, na hakuna damu yake ya kupima. Ningekuambia si wewe ningekuwa nabahatisha. Ningekuambia ni wewe ningekuwa nabahatisha vile vile." Kisha akasema, "Ila leo umesema, na kilikuwa bado hakijamezwa."

Akachukua fomu nyingine. Akanichora tena mraba, lakini pembeni. Katikati akachora mraba mwingine, akaukata kwa mstari wa mshazari. Huyo ni wewe. Hivyo ndivyo wanavyowaandika waliokufa. Kutoka kwako akashusha mstari mpaka kwa Tupo.

Halafu akakigawa kidonge kipya kwa wembe, akampa robo. Robo, Kaka. Tukakaa pale mpaka adhuhuri, daktari ameshika kifundo cha mkono wa mtoto, jicho kwenye saa. Na vidole vikaanza. Kidogo kidogo, kama vyako, kuanzia kidole cha mwisho. Daktari akaviona, akaandika, akapigia mstari mara mbili. "Kipimo nilichokuwa nampa ni kizima," akasema, "mara tatu kwa siku." Nikatoka nje nikachutama nyuma ya jengo, na yule mzee wa Kisukuma akaja akanishika bega. Hakutania.

Sasa Tupo anatumia robo, asubuhi na jioni. Ana kadi yenye maandishi mekundu ya kuonyesha kila hospitali atakayokwenda maishani. Kifua kimelegea. Lakini mimi silegei. Nawaza siku atakapokuwa mahali nisipokuwepo, akutane na dresa asiyesoma kadi. Nawaza kadi kulowa. Majibu ya damu bado hayajatoka Dar es Salaam, na daktari amesema yakitoka huenda akabadilisha tena. Kila baada ya kidonge namshika mkono nihesabu moyo, mpaka juzi akaninyang'anya mkono wake: "Umeshahesabu. Ni ule ule."

Hilo lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu kabla ya hapo alikaa siku tatu bila kunisemesha. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anakula, anafua, anakwenda shule. Ila hakuniita kitu. Akitaka chumvi alikuwa anamwomba Mama Lusajo hata kama chumvi iko mbele yangu. Nilikaa pale kama mtu aliyesahau jina lake, na ukifikiri, ndivyo ilivyokuwa. Mama Lusajo akaniambia nimwache. Na kuhusu vidonge alisema neno moja tu: "Ungeniambia." Halafu akanitilia uji. Sijui kama amenisamehe au aliona uji unapoa.

Siku ya nne, Tupo akaja chini ya bati ninaposhonea, akasimama upande upepo unakotoka, kama daktari alivyomwelekeza. Alikuwa na ile karatasi ya ukoo. Daktari alimpa nakala. Akaweka kidole juu yako.

"Huyu alikuwa anakohoa?"

"Sana."

"Kama mimi?"

"Kukuzidi. Na akikaa, anakaa kama wewe. Mikono hapa."

Akaitazama tena karatasi. "Mimi nilidhani," akasema, "humu ndani ni mimi tu."

Kaka, miaka sita mtoto yule amekaa katika nyumba ya watu wenye vifua vizima, anatusikia tukilala kama magogo, anajiuliza yeye ametoka wapi na kifua kile. Na sisi tulikuwa tunamlinda.

Tangu hapo ni maswali. Uliandika kwa mkono gani? Ulikuwa unapenda nini? Ulicheza mpira? Nimemjibu ninayoyajua, na mengine nimeona aibu kugundua siyajui. Nililala na wewe chumba kimoja, nikavaa koti lako miaka tisa, na sijui ulikuwa unaogopa nini. Aliuliza pia kuhusu vidonge viwili. Aliuliza wazi, akinitazama: "Ulimpa kwa sababu ulitaka apone?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Aha." Akaenda kuteka maji. Nimeibeba ile aha tangu siku ile, sijui niiweke wapi.

Sasa sikia lililobaki. Daktari anakwenda Mbeya wiki ya pili ya likizo, naye anataka damu ya mama, na ya shangazi Ndimbumi ambaye anakohoa kila masika na kusema ni moshi. Ili wakubali kutoa damu lazima niwaambie ni ya nini. Nitasimama mbele ya mama na Baba mdogo Mwaisaka niseme kwamba nimesema. Kisha niseme la Ubaruku. Nimejaribu kulisema peke yangu huku nashona, na kila nikifika kwenye kikombe nilichokushikia, sindano inaniingia kidoleni. Mama anaweza kunifukuza. Baba mdogo anaweza kuomba koti. Nitalirudisha, isipokuwa kifungo kimoja nilichokipoteza, nacho kilikuwa kinaning'inia tangu enzi zako.

Ninaahidi nitalisema. Sitangoja wanisukume wala sitaongea na mtu habari za matairi. Na Tupo atakuja pamoja nami. Nimekwisha kumwombea ruhusa kwa mwalimu.

Anataka kuona ulipolala. Nimemuuliza akifika atakuitaje, maana nafasi ya baba niliikalia mimi miaka yote hiyo na sijui kama inakalika na watu wawili. Akafikiri. Akasema hajui, mpaka afike.

Basi lala salama, kaka yangu. Utakapomwona anakuja kwenye ule mteremko, anapumzika kila hatua ishirini na mikono magotini, ujue ndiye. Mimi nitabaki kule juu kwenye migomba. Ninaahidi nitasimama mbali ya kutosha nisisikie.

Mdogo wako,
Ambakisye